Dawa ya Josho Ukutani

Jaldesa alikuwa mtu wa kalamu mbili, moja ya buluu na moja nyekundu. Zote zilikaa kwenye mfuko wa shati lake, hata siku ya Idi. Asubuhi alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Yeye ndiye aliyepima dawa ya kuua kupe na kuimwaga ndani ya maji kabla ng'ombe hawajaogeshwa. Alasiri alirudi nyumbani Bulapesa, akanywa chai ya maziwa, akaingia katika chumba kidogo kilicho kando ya nyumba yake. Hicho chumba kilikuwa ofisi yake. Humo aliwaandikia barua watu wasiojua kuandika.

Watu walimjia kutoka Korbesa, kutoka Kipsing, hata Oldonyiro. Huyu anataka kibali cha kusafirisha mbuzi. Yule mwanawe yuko jeshini, hajaleta salamu tangu mwaka jana. Jaldesa aliandika kwa herufi nzuri, kisha akasoma kwa sauti, na mwenye barua akaweka alama ya kidole gumba chini yake. Walimwachia pia karatasi zao awatunzie. Wafugaji huhama, lakini ofisi ya Jaldesa haikuhama.

Sasa sikiliza. Siku moja, mwaka wa 1981, mzee Huka alikuja kutoka Korbesa kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Jaldesa alinyoosha mkono kwenye rafu, akashika bahasha. Ilikuwa nyepesi. Alipoifungua, vumbi lilimwagika mezani. Mchwa walikuwa wamepita ukutani, wakatoboa rafu, wakala cheti chote.

"Karatasi yangu imeenda wapi?" mzee Huka aliuliza.

Jaldesa alimwonyesha lile vumbi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mzee aliondoka bila kusema neno, na hilo lilimuuma Jaldesa kuliko matusi.

Jioni alimwambia mke wake, "Kaltuma, ile ofisi nitaitengeneza upya. Nataka iwe safi, iwe na rangi, na mchwa wasiguse tena karatasi ya mtu."

"Vizuri," Kaltuma alisema. "Niachie mimi hizo kuta. Nitazikwangua, nizikande upya kwa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe. Nyumba yetu hii nilikanda mimi, na mchwa uliwaona wapi?"

Alisema kweli. Kwa Waborana, nyumba ni kazi ya wanawake. Lakini ofisi ile Jaldesa aliijenga mwenyewe. Alisimamisha miti, akajaza udongo mtupu, na hakutaka mwanamke aiguse.

Jaldesa alicheka. "Mavi ya ng'ombe ofisini? Na siku D.C. wa wilaya akija?"

"D.C. atakuja kwako kufanya nini?"

"Wewe hujui mambo ya ofisi, mama. Ofisi ni rangi ya kijani ya mafuta, ile inayong'aa."

Kaltuma alirudi kwenye sufuria yake. Najua wanaume wengi wa namna hii. Mimi mwenyewe nina kaka zangu wawili.

Siku ya Jumamosi Jaldesa alinunua mkebe mmoja wa rangi ya kijani. Miti ya kuta iliyojitokeza nje ya udongo aliipaka oli chafu, yaani ile oli nyeusi inayomwagwa kwenye gereji. Halafu alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amebeba chupa moja ya dawa ya josho kutoka kazini. Alijua namna inavyoua kupe. Tone dogo tu kwenye ndoo ya maji, na kupe wote wanaanguka. Akajiambia, 'Kama inaua kupe juu ya ng'ombe, mchwa ni nani?' Akaimwaga nusu ya chupa ndani ya rangi, akakoroga kwa kijiti.

Alipaka kuta zote nne. Rangi iling'aa kweli. Lakini siku ile upepo wa Isiolo ulivuma kama kawaida yake, na vumbi lilitaka kuganda kwenye rangi mbichi. Kwa hiyo Jaldesa alifunga mlango. Dirishani akapigilia gunia kwa misumari.

Kaltuma alisikia harufu. Lakini harufu ile aliijua. Ni ile ile ambayo mume wake alirudi nayo kila siku kwenye nguo zake, na ambayo yeye aliifua kila wiki kwa mikono yake. Ndani ya nyumba hiyo, dawa ya josho ilikuwa harufu ya baba. Hakuna aliyeiogopa.

Jumapili asubuhi mchwa walikuwa wamelala chini ya ukuta, wengi, wamekufa. Jaldesa alifungua mlango kidogo, akaita, "Kaltuma! Njoo uone!" Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Aliwafagia mchwa hadi nje. Kuku waliwakimbilia na kuwala wote.

Saa sita kuku wa kwanza alianza kuzunguka bila mwelekeo. Shingo ilijipinda, mate yakamtoka mdomoni. Alikufa. Saa nane alikufa wa pili. Hadi alasiri walikuwa wamekufa watano.

"Ni kideri," Jaldesa alisema. "Kideri kimeingia mjini."

Lakini hakumtazama mke wake machoni. Alichukua ile chupa iliyobaki, akaificha juu ya paa la choo. Usiku ule hakula vizuri. Alitaka kusema, akaogopa. Dawa ilikuwa mali ya serikali. Mwaka uliopita mwenzake mmoja alikamatwa na galoni moja ya dawa, akafungwa miezi sita, na kazi ikaisha hapo. Jaldesa akajiambia rangi ikikauka mambo yataisha.

Jumatatu alienda kazini kama kawaida.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Gumato, msichana wa miaka sita. Kaltuma alikuwa amepoteza wawili kabla yake. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na mabati ya nyumba yalitoa sauti kwa joto. Ofisi ilikuwa na kivuli, na gunia dirishani liliifanya iwe na giza na baridi. Gumato aliingia, akatandika ngozi ya mbuzi karibu na ukuta, akalala.

Kaltuma alimwita aje anywe chai. Mtoto hakuitika. Alimwita tena. Alipofungua mlango wa ofisi, alimkuta Gumato amelala, mgongo wake umeegemea ukuta. Nguo yake ilikuwa ya kijani mgongoni. Mkono wake mzima ulikuwa wa kijani. Mate yalimtoka mdomoni kama yale ya kuku.

"Ya Rabbi! Gumato! Gumato!"

Kaltuma alipiga mayowe. Alimbeba mtoto hadi uani. Miguu ya mtoto ilikuwa inatetemeka yenyewe, na alikuwa amejikojolea. Kaltuma alikimbilia maziwa, kwa sababu kwetu maziwa ndiyo dawa ya kwanza ya kila kitu.

"Usimpe!" sauti ilisema kutoka kwenye ua.

Alikuwa Mukami, jirani yao. Mukami alikuwa Mmeru, afisa wa afya aliyetembea nyumba hadi nyumba akifundisha watu usafi wa vyoo na visima. Watu walimwita daktari, na kila mara alikataa jina hilo.

"Usimpe maziwa, mama Gumato. Hajitambui. Yataingia kwenye mapafu, tutamuua sisi wenyewe. Mlaze kwa ubavu. Hivyo. Mate yatoke."

Mukami alimfungua mtoto jicho moja. Mboni ilikuwa ndogo sana, ndogo kama ncha ya kalamu, na hali mchana huo walikuwa kivulini. Mwili wa mtoto ulikuwa umelowa jasho.

"Hii si malaria," Mukami alisema. "Amegusa nini?"

"Rangi. Rangi ya baba yake."

"Rangi haifanyi hivi. Lete sabuni na maji mengi. Lete mifuko ya plastiki nivae mikononi, na wewe pia vaa."

Walimvua nguo yote, wakaitupa mbali. Walimwosha kwa sabuni, wakarudia, wakarudia tena, hadi kwenye nywele na chini ya kucha. Kaltuma aliosha huku akilia kwa sauti. Alisema, "Huyu pia, ya Rabbi, usimchukue huyu pia." Lori lililobeba mbuzi lilikuwa linapita. Mukami alisimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono yote miwili. Dereva alipiga breki na kumtukana, halafu akaona mtoto. Aliwapeleka hospitali bila kuuliza tena.

Jaldesa aliitwa kutoka joshoni. Alifika akiwa na nguo zake za kazi na zile kalamu mbili mfukoni. Alimwona Gumato kitandani. Kifua cha mtoto kilipanda na kushuka haraka, halafu kikatulia, halafu kikapanda tena. Kila kilipotulia, Jaldesa naye aliacha kupumua.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. "Mzee," alisema, "nahitaji kujua jambo moja. Ndani ya rangi ulichanganya kitu?"

"Rangi tu," Jaldesa alisema. "Rangi ya dukani."

"Una hakika? Kuna sumu nyingi na kila moja ina dawa yake. Nikimpa dawa isiyofaa namuumiza. Nikichelewa pia namuumiza."

Jaldesa alifungua mdomo. Akaufunga. Aliona jela. Aliona Bwana Mifugo, mkubwa wake wa kazi, anafungua daftari na kufuta jina lake. Aliona watu wa Korbesa wakisema, yule karani ni mwizi.

Kaltuma alisimama mbele yake. Hakupiga kelele sasa. Alisogea karibu, akanusa shati la kazi la mume wake, ile harufu aliyoifua miaka minane. Kisha alinusa mkono wake mwenyewe uliombeba mtoto.

"Baba Gumato," alisema polepole. "Ni hii hii. Uliweka hii ukutani."

Mtoto kitandani alikoroma. Kifua kilitulia, na hakikupanda haraka kama mara ya kwanza.

"Dawa ya josho!" Jaldesa alipaza sauti. "Nilichukua dawa ya josho! Chupa moja, nikamwaga nusu ndani ya rangi. Ile nusu nyingine iko juu ya paa la choo. Nifungeni, lakini mponyeni mtoto!"

Daktari hakuwa na nafasi ya kumfunga mtu. Alimwita muuguzi, akataja dawa, na sindano ikachomwa pale pale. Baada ya dakika chache alichoma nyingine. Mukami alimtoa Jaldesa nje, akamvua lile shati la kazi. Alisema hata kulileta wodini kulikuwa kosa. Jaldesa aliketi kwenye benchi kifua wazi, ameshika kalamu zake mkononi.

Saa kumi Kaltuma alitoka.

"Macho yamefunguka," alisema. "Mboni zimerudi. Ameniita." Kisha aliketi chini sakafuni, akalia kama mtu aliyebeba mzigo kutoka Merti hadi hapo.

Gumato alikaa hospitali siku sita. Katika siku hizo Mukami hakuruhusu mtu kuingia katika ofisi ile. Siku ya saba alimketisha Jaldesa uani. Hakumbembeleza.

"Sasa nisikilize. Dawa ya josho ni sumu. Inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi. Haijui huyu ni kupe, huyu ni mchwa, huyu ni mtoto. Josho lina watu waliofundishwa na vipimo vyake. Nyumba haina."

"Nimeelewa," Jaldesa alisema.

"Bado hujaelewa. Nguo zako za kazi haziingii tena ndani ya nyumba. Utazivua huko huko, zifuliwe peke yake. Mama Gumato amefua sumu miaka minane."

Jaldesa alimtazama mke wake, akainamisha kichwa.

"Na ile oli chafu?" Kaltuma aliuliza.

"Nayo ni mbaya. Inaingia kwenye udongo na haitoki. Mvua ikija inakwenda kisimani."

"Basi nikwangue nichome?" Jaldesa aliuliza.

"Usichome. Moshi wake utaua jirani, na jirani ni mimi. Na usitupe mtoni, mbuzi wa watu wote wanakunywa pale. Chupa iliyobaki inarudi kwa watu wa mifugo. Nao ndio watakaotuonyesha mahali pa kuzika udongo wa kuta, mbali na maji."

Watu wa mifugo walikuja na glavu na vitambaa vya kufunika pua. Waliloweka kuta kwanza ili vumbi lisiruke, wakazikwangua hadi kwenye miti. Miti iliyopakwa oli iling'olewa. Udongo wote ulizikwa katika shimo refu, penye miamba, ambapo hakuna kisima. Chumba kilibaki mifupa tu. Mlango na dirisha vilikaa wazi mwezi mzima, na upepo wa Isiolo, ule uliofungiwa mlango siku ile, ukapita humo mchana kutwa.

Kisha Jaldesa alimwendea mke wake. "Kaltuma, kuta ni zako."

"Na D.C. akija?" Kaltuma aliuliza.

"Akija nitamwambia fundi ni wewe."

Kaltuma alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Walichimba kando ya ukuta wakafuata njia za mchwa hadi kwenye kichuguu nyuma ya choo, wakamtoa malkia wao. Chini ya kuta walijenga safu tatu za mawe, ili miti ya kuta isigusane na ardhi. Kaltuma alichanganya udongo wa kichuguu kile kile na mchanga, majivu na mavi ya ng'ombe, akakanda kwa mikono. Aliacha ukuta ukauke, akakanda mara ya pili, laini. Harufu ya mavi iliisha baada ya siku tatu. Wewe unayekunja pua, ndivyo ilivyo.

Kwa rangi walitumia chokaa. Mukami aliwaonya kwamba chokaa mbichi inachoma macho. Waliiloweka siku mbili ndani ya pipa lililofunikwa, wakaongeza chumvi na gundi ya miti ya migunga iliyoyeyushwa, ili isitoke mtu akiegemea. Sehemu ya chini walipaka udongo mwekundu kutoka upande wa Oldonyiro, ambao hauonyeshi uchafu. Chumba kiling'aa kwa weupe. Jaldesa aliweza kusoma hadi saa kumi na mbili jioni bila kuwasha taa ya mafuta.

Rafu mpya ilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya zamani. Ilisimama mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na kila mguu wake uliwekwa ndani ya kopo lenye majivu. Mchwa akitaka kupanda, njia yake itaonekana. Kila asubuhi Jaldesa alizunguka na ufagio, akatazama pembe zote. Karatasi za watu zilikaa ndani ya sanduku la bati.

Ofisi ilikuwa nzuri. Lakini Gumato hakuingia. Alifika mlangoni, akatazama kuta, akarudi nyuma. Mama yake alimwita, akakataa. Siku nyingine alilia kwa kupita tu karibu na dirisha.

Barua ya kwanza iliyoandikwa katika chumba kile haikuwa ya mfugaji. Jaldesa aliketi, akatoa kalamu ya buluu. Aliandika:

"Kwa Bwana Mifugo. Uliyoyasikia kwa watu wako waliozika udongo ni kweli. Mimi Jaldesa, mfanyakazi wa josho, nilichukua chupa moja ya dawa bila ruhusa. Niliipaka kwenye ukuta wa nyumba yangu. Mtoto wangu nusura afe. Nilipoulizwa na daktari nilisema uongo kwanza. Nakubali adhabu yoyote. Naomba wenzangu wote wa joshoni wasomewe barua hii, wasije wakafanya kama mimi."

Alisoma kwa sauti, kama alivyowasomea wengine. Alipomaliza aliona kivuli sakafuni. Gumato alikuwa amesimama mlangoni.

"Aba, hiyo barua ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Utafungwa?"

"Sijui, mama. Labda."

Gumato alitazama ukuta mweupe kwa muda mrefu. "Uliweka dawa?"

"Sikuweka. Ni udongo wa mama yako, na majivu, na chokaa. Hakuna kitu kingine."

"Wewe shika kwanza."

Jaldesa alisimama. Alivua shati lake, akaweka kalamu zake mezani. Aliegemeza mgongo wake ukutani, kisha mikono, kisha akageuka na kuweka shavu lake pale. Alikaa hivyo. Gumato alimtazama macho yake. Alimtazama mdomo. Alingoja, kama mtu aliyeona kuku wakifa.

Jaldesa hakuachishwa kazi. Alisimamishwa miezi mitatu bila mshahara, na barua yake ilisomwa katika kila josho la wilaya. Mzee Huka alisikia, akarudi kutoka Korbesa na karatasi nyingine, akamwachia. Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Siku ile Jaldesa aliendelea kusimama na shavu lake ukutani, mpaka miguu ikaanza kumuuma, na hakuondoka.

Mwishoni alisikia nyayo ndogo sakafuni. Gumato alikuwa ameingia. Aliweka kidole kimoja kwenye ukuta, akakinusa.

"Inanuka kama nyumba yetu," alisema.

Kisha akatandika ngozi yake ya mbuzi.